Tangi la samaki lisichemke: namna ya kupoza akwariamu nyumbani msimu wa kaskazi (mwongozo kamili)

Januari ya mwaka juzi nilienda msibani Morogoro siku tatu, nikafunga nyumba, madirisha yote nikakomea, nikasema samaki watakula wakirudi wenyewe yani mimi nikirudi. Luku ikaisha siku ya pili, kosa langu mwenyewe maana niliacha uniti chache kama za mtu anayeenda dukani. Nilivofungua mlango nikapokelewa na harufu, thamomita ya tangi inasoma 34, na kati ya samaki 14 tisa wanaelea. Waliobaki wazima ni gurami wawili na gapi watatu, tena hao gapi wamejibana juu kabisa midomo imebusu hewa.

Kwa muda mrefu niliamini joto ndo liliwaua. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba joto lilikuwa shahidi tu, muuaji alikuwa kukosa pumzi, na ukishaelewa hilo namna yote ya kupambana na joto kwenye tangi inabadilika, hutaanza na barafu tena. Naandika nikiwa Dar, kwenye nyumba ya bati, bila AC, kwa hiyo hiki ni kile kinachofanya kazi kwenye mazingira hayo. Mtu wa Mombasa au Tanga hali yako ni hii hii. Wa Dodoma na Singida una bahati kidogo, ntakwambia kwa nini.

KWANZA: MAJI YA MOTO YANAFANYA NINI

Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 25 yakijaa hewa kabisa yanabeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, yakifika 32 yanabeba kama 7.3. Utasema mbona tofauti ndogo. Sawa, ila wakati huo huo mwili wa samaki nao unakimbia, yeye joto lake linafuata la maji, hana jasho hana nini, joto likipanda nyuzi 10 mahitaji yake ya oksijeni yanaweza kukaribia mara mbili. Kwa hiyo mfuko unapungua na matumizi yanapanda. Ongeza na bakteria wa kwenye filta ambao nao wanapumua, mabaki ya chakula yanayooza haraka zaidi, na mimea ambayo usiku inaacha kutoa oksijeni inaanza kuvuta kama wengine. Ndo maana watu wengi wanakuta samaki wamekufa alfajiri, wakati joto lenyewe lilikuwa jana jioni.

Alafu kuna amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wao. Sehemu yake ambayo ni sumu kali inaongezeka na joto na pH (kipimo cha asidi ya maji, ikipanda asidi imepungua). Kwenye tangi la pH 8, kama la wafugaji wa mbuna (samaki wa Ziwa Nyasa), kutoka nyuzi 25 kwenda 30 ile sehemu mbaya inapanda kutoka kama asilimia 5 mpaka zaidi ya 7. Tangi lile lile, uchafu ule ule, sumu zaidi.

Gurami wangu walipona kwa sababu wana kiungo cha kuvuta hewa ya kawaida kutoka juu, samaki beta hivo hivo. Wale wengine walitegemea matamvua tu, na majini hakukuwa na cha kuvuta.

HATUA YA 1: PIMA, USIGUSE MAJI KWA KIDOLE

Nunua thamomita, hata ile ya kioo ya bei ndogo. Zile za kubandika nje kama stika zinasoma nusu maji nusu chumba, sizipendi. Iweke katikati ya kina, mbali na feni na mbali na kona yenye jua.

Kwa siku tatu pima mara tatu, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na saa 11 jioni, uandike hata nyuma ya risiti. Ya jioni usiiruke, maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa, kwa hiyo kilele cha tangi hakiji saa 8 pamoja na jua, kinakuja saa 10 au 11 wewe ukidhani mambo yameshatulia. Baada ya siku tatu utajua tangi lako linatembea kati ya ngapi na ngapi. Likiwa asubuhi 27 jioni 29 na una gapi, moli au gurami, usijisumbue sana, ongeza hewa tu. Likigusa 31, 32 kila jioni, endelea kusoma.

Piga na hesabu ya lita zako: urefu mara upana mara kimo cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1000. La kwangu ni 90 kwa 40 kwa 45, inakuja 162. Utaihitaji hiyo namba kwenye barafu.

HATUA YA 2: TOA KINACHOPASHA

Hapa hakuna hela inayotoka kwa hiyo anza hapa.

Hita. Kuna watu Dar wana hita kwenye tangi, walipewa kwenye seti, imechomekwa mwaka mzima. Wanasema itajizima yenyewe. Itajizima mpaka siku swichi yake ya ndani itakapoganda, na hiyo siku itapika supu. Chomoa Oktoba, weka kabatini.

Taa. Kama bado una zile za mirija, badilisha uweke LED, na iinue ikae sentimita kadhaa juu ya maji badala ya kulala juu ya kifuniko. Kipindi cha joto mi nawasha saa 1 jioni mpaka saa 4 usiku basi, ndo muda nipo nyumbani kuwaangalia, mchana wanatosha na mwanga wa chumba.

Pampu. Hii watu hawaiwazi. Pampu ya kuzama inapoozwa na maji ya tangi lako, yani karibu umeme wote inaokula unaishia kuwa joto humo humo. Pampu ya wati 20 kwa masaa 12 inamwaga joto la kutosha kupandisha lita 100 kwa nyuzi 2, kama joto lingekuwa halina pa kutokea. Ukiwa na mbili kwa ajili ya urembo wa maporomoko, punguza moja. Filta kuu usizime kamwe.

Jua. Angalia dirisha lako mwezi huu, usiangalie ulivoliacha mwezi wa saba. Sisi Dar tuko kusini ya ikweta ila sio sana, kwa hiyo kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita upande wa kusini wetu. Dirisha la kusini ambalo Juni lilikuwa na kivuli, Desemba linapigwa. La magharibi linapigwa jioni, muda ule ule tangi linapofika kileleni, hilo ndo lilikuwa langu. Kama huwezi kuhamisha tangi (lita 160 ni kilo 160 bado kioo na mawe, usijaribu kulisukuma likiwa limejaa), weka pazia zito au bandika ile foamu nyeupe inayokuja kwenye katoni la TV upande wa kioo unaopigwa. Upande huo tu. Ukilizungushia lote utazuia na ubaridi wa usiku usiingie, na usiku ndo rafiki yako wa pekee kaskazi.

Na tangi lisikae juu ya friji wala ubavuni kwake, mgongo wa friji unatema joto masaa yote.

HATUA YA 3: HEWA KABLA YA UBARIDI

Kama una hela ya kitu kimoja tu, usinunue feni, nunua pampu ya hewa na jiwe la hewa, kile kijiwe cha vitundu kinachotoa mapovu. Maji ya 31 yenye hewa nyingi samaki wengi wa kawaida wanayavumilia siku kadhaa, maji ya 29 yaliyolala kimya yanaweza kuwaua usiku mmoja.

Kinachofanya kazi sana sio mapovu yenyewe, ni uso wa maji kuchezacheza. Mapovu yanasukuma maji ya chini yaje juu, huko juu ndo yanabadilishana na hewa. Kwa hiyo elekeza na mdomo wa filta juu kidogo mpaka uso uwe na mawimbi madogo. Kama uso una utando wa mafuta mafuta, uondoe kwa kulaza karatasi nyeupe ya tishu na kuivuta, ule utando ni kama mfuniko.

Pampu ya hewa ikae juu kuliko maji, au mrija wake uwe na vali ya kuzuia kurudi. Umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mrija yakatoka mpaka kwenye pampu, alafu kwenye soketi.

HATUA YA 4: FENI, AU SIRI YA MTUNGI

Bibi yangu Tanga alikuwa na mtungi wa maji pembeni ya mlango, chini una mchanga mbichi, na maji yake mchana wa jua kali yalikuwa baridi bila friji. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni udongo wenyewe una baridi. Kumbe mtungi unavuja kidogo kidogo, yale maji yanayotoka nje yanakauka, na maji yakikauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki. Tangi lako ni mtungi wenye mdomo mpana. Ukilifunika na kifuniko cha plastiki umeziba njia.

Nguvu ya jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavodhani. Lita moja ikikauka kutoka tangi la lita 100 inaondoka na joto la kutosha kushusha zilizobaki kwa karibu nyuzi 6. Huzioni zote 6 kwa sababu chumba kinarudisha joto muda wote, ila ndo hiyo inayokupa nafuu.

Sasa, maji yanakauka kama hewa ina nafasi. Dar Januari hewa imeshajaa unyevu, shati lenyewe halikauki mgongoni, kwa hiyo feni itakupa nyuzi 2, siku nzuri 3. Dodoma hewa ni kavu kuliko Dar, feni hiyo hiyo inaweza kukupa 4 au 5. Hiyo ndo bahati niliyosema. Ila hata hizo 2 za Dar zinakutoa 31 kukuleta 29, na hapo ndo mstari kati ya samaki anayekula na samaki anayehema.

Unafanyaje:

Chukua feni ya kompyuta, ile ya mesani ya mraba wa sentimita 12, mafundi wa kompyuta wanazo kwenye maiti za mashine. Ni ya volti 12. Tafuta adapta ya volti 12 ya ruta au kisimbuzi kilichokufa. Waya mwekundu wa feni kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, ukigeuza haitazunguka. Kama ina waya wa tatu uache, funga ncha yake na tepu. Unganisha, zungushia tepu vizuri, ifunge kwenye ukingo wa tangi kwa kibanio au kipande cha pembe ya aluminiamu, iinamishe ipulize ikiparaza uso wa maji kutoka upande mmoja kwenda wa pili, isipulize wima kwenda chini. Tangi la sentimita 60 feni moja inatosha, la 90 weka mbili, refu kuliko hapo tatu.

Inakula wati 2 au 3. Ukiiwasha mwezi mzima bila kuzima ni kama uniti 2 za umeme, haishtui mtu.

Kwa nini nasisitiza volti 12? Kwa sababu siku moja itaanguka majini. Zote huwa zinaanguka. Ya volti 12 ikianguka inakufa yenyewe, feni ya umeme wa ukutani ikianguka unakufa wewe. Ukitaka kutumia feni ya kusimama ni sawa, tena ina nguvu, ila iwe mbali kiasi kwamba hata ikipinduka haifiki tangini. Na waya wowote unaotoka kwenye tangi ushuke chini kwanza alafu ndo upande kwenye soketi, ili tone likitembea lidondoke sakafuni.

Pangaboi nalo linasaidia kama tangi liko wazi, ila linapoza watu zaidi kuliko samaki.

Sasa umeondoa kifuniko, samaki watarukia nje. Hapa kuna kosa ambalo nimeona likifanyika na roho iliniuma: mtu akachukua chandarua cha zamani akafunika nacho. Vyandarua vingi vimewekwa dawa za kundi la pairethroidi, na hiyo dawa kwa samaki ni sumu kali sana, kiasi kidogo mno kinatosha. Tumia ule wavu wa plastiki wa dirishani usio na dawa, mpya, uoshe kwa maji matupu, ukate ukubwa wa tangi. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya mbu ya kupuliza usipulize chumba chenye tangi lililo wazi na feni inazunguka, maana feni na pampu ya hewa vitaibeba moja kwa moja mpaka majini. Mwambie na dada wa kazi, mwambie na shemeji aliyekuja kutembea, kila mtu.

Anayependa ufundi anaweza kuongeza kiswichi cha joto kinaitwa W1209, kibao kidogo cha saketi cha volti 12 chenye sensa ya waya. Kiweke upande wa kupoza (herufi C), joto 27, tofauti nyuzi 1, kitawasha na kuzima feni chenyewe. Sensa zake huwa zinadanganya kidogo, linganisha na thamomita kwanza urekebishe. Mi mwenyewe nimekitoa, kaskazi feni haizimi hata hivo.

HATUA YA 5: MAJI YANAYOPUNGUA

Feni ikifanya kazi maji yanashuka. Langu linakunywa lita 2 mpaka 3 kwa siku. Ukisafiri wikiendi utakuta filta ya kuning'inia inavuta hewa, imeungua.

Kinachokauka ni maji peke yake, chumvi na chokaa vinabaki. Ukijaza kila siku kwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi unaijua kwenye chai, basi kila siku unaongeza chumvi juu ya chumvi. Kufidia tumia maji ya mvua uliyokinga baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji ya kunywa ya dumu. Alafu endelea na kubadilisha maji kila wiki kama kawaida, kufidia sio kubadilisha, hivi ni vitu viwili.

KUBADILISHA MAJI, NA MTEGO WA SIMTANKI

Kubadilisha asilimia 20 au 25 kwa maji ya baridi kidogo ni njia nzuri ya kushusha joto na kutoa amonia kwa pamoja. Tatizo simtanki lako limekaa juani. Ukifungua bomba saa 9 mchana yanayotoka unaweza kuogeshea mtoto mchanga, utakuwa unapasha tangi ukidhani unapoza. Kinga saa 11 alfajiri, au jana usiku, kwenye ndoo pana isiyo na sabuni, uiache chini sakafuni masaa 24 na jiwe la hewa ndani ili klorini iondoke, au weka dawa ya kuondoa klorini kama una haraka. Ukitia, yawe pungufu nyuzi 2 au 3 tu kuliko ya tangi na yaingie taratibu kwa mrija mwembamba.

Kanuni ninayoifuata: tangi lisishuke zaidi ya nyuzi 1 kwa saa, na lisizidi 3 kwa siku. Samaki aliyepanda polepole kutoka 28 mpaka 32 kwa wiki nzima mwili wake umezoea kidogo, ukimrudisha 27 kwa dakika kumi unamvunja.

BARAFU: DHARURA TU

Muuza samaki mmoja aliniambia tia barafu kila mchana. Nilitia. Tangi likawa linapanda na kushuka kama homa ya malaria, ndani ya siku nne wakaota madoa meupe.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote kwenye lita 100 inashusha kama nyuzi 1 na kitu. Kwa tangi langu nahitaji karibu kilo moja na nusu kupata nyuzi moja, na baada ya masaa mawili chumba kimeirudisha. Kwa hiyo barafu haipozi siku, inakununulia muda.

Tumia pale tu tangi limefika 32 na kwenda juu na samaki wanahema. Gandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu, usijaze mpaka juu zitapasuka, zioshe nje, zielee zikiwa zimefungwa. Usitie mapande ya barafu yenyewe, yametengenezwa na maji ya bomba yana klorini, na ile barafu ya wavuvi usiiguse kabisa. Kabla ya kuweka chupa punguza maji, la sivyo sakafu itajua. Chupa moja kwa wakati, upande wenye mkondo wa filta, angalia thamomita kila dakika 15.

Friji likiwa halina nafasi chukua taulo la pamba, lilowanishe, livishe nje ya kioo cha nyuma, elekeza feni kwenye taulo. Mtungi ule ule. Liendelee kuwa bichi.

CHAKULA

Nusu. Kipindi cha joto wape nusu, asubuhi kukiwa na ubaridi, na siku moja kwa wiki wasile kabisa. Samaki akishiba anatumia oksijeni zaidi kusaga chakula, na kinachobaki kinaoza mara moja. Watoto watalalamika samaki wana njaa, samaki huwa wana njaa siku zote hata wakishiba.

UKIWAKUTA WANAHEMA

Dalili: wote juu, mdomo unafunguka haraka, matamvua yanapiga mbio, rangi zimepauka, konokono wanapanda kuelekea kwenye ukingo. Ukiona hivo usikimbilie friji. Hewa kwanza, pampu zote, filta ielekezwe juu. Kifuniko toa. Taa zima. Kama huna pampu chukua jagi, chota maji ya tangi uyamwage kutoka juu urefu wa mkono, chota mwaga, dakika tano mfululizo, pumzika, rudia. Inachosha mkono ila inafanya kazi, nimewahi kuokoa tangi hivo usiku mzima kwa zamu na mdogo wangu. Toa aliyekufa mara moja. Kisha badilisha asilimia 25. Mwisho kabisa, kama bado ni 32 na zaidi, chupa ya barafu.

UMEME UKIKATIKA

Hili ndo lililonimaliza mimi kwa hiyo nimelifikiria kuliko mengine.

Kuna pampu ndogo za hewa za USB, zinakula wati moja na nusu hivi, pawabenki ya 10,000 inaisukuma zaidi ya masaa 12. Ila ijaribu kabla, pawabenki nyingi zikiona umeme unaotumika ni mdogo zinadhani simu imejaa zinajizima zenyewe baada ya dakika chache. Ya kwangu ya kwanza ilinifanyia hivo saa 8 usiku. Zipo pia za mawe ya tochi ya kawaida, sio mbaya. Na ile feni yako ya volti 12, mwenye betri ya sola au ya pikipiki anaichomeka moja kwa moja, faida nyingine ya kutokutumia ya ukutani.

Usilishe hata kidogo mpaka umeme urudi.

Filta ya kopo, ile iliyofungwa inakaa chini ya kabati, ikizima zaidi ya saa moja au mbili usiiache ijiwashe tu. Ndani oksijeni imeisha, bakteria wameanza kufa, maji yamechacha, umeme ukirudi inatapika uchafu wote kwa samaki waliokuwa wameshachoka. Chomoa, fungua, suuza sponji kwa maji ya tangi uliyoyachota kwenye ndoo (sio ya bomba), ndo uwashe. Filta ya sponji inayotumia hewa haina shida hiyo, na kwa nyumba ambayo umeme unakatikakatika mi ningeanza nayo hiyo kabla ya kopo la bei.

Ukisafiri, nunua uniti za kutosha, acha dirisha moja wazi lenye wavu na nondo, na ufunguo kwa jirani. Jirani mwambie asilishe, aangalie mapovu tu.

CHILA NA AC

Chila ni friji ya maji, inafanya kazi kweli, ila inatoa joto la tangi inalimwaga chumbani, chumba kisipopitisha hewa inajipiga yenyewe. Kwa samaki wa kawaida wa maji yasiyo ya chumvi sioni maana yake, kwa mwenye matumbawe ya baharini ni lazima. Vile vipoozeo vidogo vya peltia (vya kibamba cha umeme, havina gesi) vya mtandaoni hela yako bora ununue feni tatu. AC ya chumba ni nzuri kama tayari unalala nayo, ila ukiizima asubuhi unapoondoka tangi litapanda kushuka kila siku, heri 29 iliyotulia kuliko 25 na 31.

SAMAKI GANI

Dawa nyingine ni kuchagua samaki wa mazingira yako. Gapi, moli, platii, gurami, beta wanaivumilia Dar. Diskasi wenyewe wanataka 28 mpaka 30, ni kama wamezaliwa Kariakoo, ila ni wasumbufu kwa mambo mengine. Koridorasi na neoni Januari utawaonea. Samaki wa dhahabu ndo anayeuzwa sana na ndo anayeteseka sana, asili yake ni maji ya baridi, karibu nyuzi 20, anakula sana, anachafua sana, na watu wanamuweka kwenye bakuli la lita 5 juu ya kabati la TV. Kama unaye, mpe tangi kubwa na mawe mawili ya hewa.

Wa kwetu wa Kigoma na Ziwa Nyasa watu wanadhani ni wagumu kwa sababu ni Waafrika wenzetu. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yanatembea kama 24 mpaka 28 mwaka mzima na hayashtuki ovyo, na samaki anayeitwa frontosa anakaa chini zaidi kwenye kina. Hao wanataka feni na hewa kabla ya mtu yeyote.

KUSI IKIANZA

Kuanzia Mei upepo ukigeuka usitoe feni siku moja. Punguza masaa, mchana tu kwanza, wiki mbili, alafu ndo uzime. Futa chumvi nyeupe iliyoganda kwenye mapanga yake na kitambaa chenye siki kidogo, kausha, ifunge kwenye mfuko na adapta yake pamoja usije ukaitafuta Desemba nyumba nzima. Langu saa hizi asubuhi linasoma 24, gurami wale wale wawili bado wapo, mmoja amenenepa.